Mkwe wa Majini

Juzi nilikuwa nakaanga vitunguu jikoni kwangu hapa Arlington, dirisha likiwa wazi, na chini barabarani lori la taka likawa linanguruma na kutoa moshi. Harufu ya kitunguu na harufu ya dizeli zikakutana juu ya sufuria yangu. Nikasimama na mwiko mkononi mpaka vitunguu vikaungua. Mume wangu akauliza kulikoni, nikamwambia nimenusa nyumbani. Akacheka sana. Yeye kwao ni Mombasa, na kwake mtu akinusa nyumbani basi amenusa udi, au viazi karai, au kwa uchache dagaa. Mimi nyumbani kwetu kulinuka injini.

Nilikulia kwenye boti. Sisemi tulikuwa na boti, maana wenye boti ni watu wengine, wana kofia nyeupe na miwani ya jua. Sisi tulikaa ndani yake, tukapika, tukaugua mafua, tukafanya kazi za shule. Ilifungwa gatini, katika ule mkono wa mto Potomac unaoingia kusini mwa jiji la Washington, mahali ambapo ndege hupita chini chini zikienda kutua ng'ambo. Ilikuwa ndefu na nyembamba kama rula. Mzee mmoja wa Kimarekani aliijenga kwa mikono yake akiiga boti za mifereji ya Uingereza, kwa tamaa ya kusafiri nayo katika mfereji wa zamani unaopita Georgetown. Bahati mbaya mfereji wenyewe ulikuwa umekwisha kufa, sehemu kubwa yake ni matope na majani, na boti inayotembea pale ni ya kuwapa watalii raha. Mzee akabaki na boti ya mfereji isiyo na mfereji. Alipochoka na kuhamia kwa binti yake, alimwita Baba, aliyekuwa fundi wa injini pale gatini, akampa funguo akamwambia aitunze.

Hivyo ndivyo tulivyotoka kwenye chumba kimoja cha kupanga Riverdale Park na kwenda kukaa juu ya maji. Bibi yangu, mama yake Mama, alipoambiwa kwa simu kule Tanga kwamba tumehamia kwenye boti ya mfereji, aliuliza, "Mfereji? Huu wa maji machafu?" Mama alipata kazi ya kueleza.

Maisha yale yalikuwa na kazi zake. Maji ya kunywa tuliyajaza kwenye tanki kwa mpira, na wakati wa baridi mpira uliganda ukawa mgumu kama fimbo, tukauleta ndani kuuotesha moto kama mgeni. Choo kilikuwa na tanki lake pia, na kulikuwa na boti ndogo iliyopita kulinyonya. Mama alifunga madirisha yote na kuchoma ubani, akisema majirani watadhani tunafukuza shetani. Kila kitu kilikuwa na ndoano yake au kamba yake. Ukiacha kikombe mezani na boti kubwa ikapita, kikombe unakikuta sakafuni.

Lakini likizo zikifika tulifungua kamba tukasafiri, na hapo hapakuwa na mtoto tajiri kuliko mimi. Tulipanda mto Anacostia kuelekea Bladensburg, maana pale tunashuka na kwenda kwa miguu kuwaona watu wetu wa Riverdale Park. Boti za wenye kofia nyeupe hazikuweza njia ile. Kuna daraja la reli limeinama karibu kugusa mto, na boti zao zilikuwa na maghorofa. Yetu ilikuwa fupi kwa kimo. Tulingoja maji yapwe, Baba akazima redio, sote tukaketi kimya kama watu wanaopita mbele ya mbwa aliyelala, tukateleza chini ya vile vyuma hadi upande wa pili. Mama alikuwa akifumba macho. Baba alikuwa akitabasamu peke yake nyuma kwenye usukani, mtu wa kijiji kikavu cha Singida, ambaye hakuona maji ya kumfika magotini mpaka alipokuwa na ndevu.

Sasa nieleze habari ya majini.

Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kusikia. Nilielewa nusu, na nusu nyingine niliijaza mwenyewe. Nikamsikia Mama akipiga kelele kwenye simu, kama wanavyopiga kelele wote wanaoongea na Tanga: "Tunakaa majini, Mama! Majini! Salama tu, tumeshawazoea majirani!" Na Jumapili hiyohiyo, kwenye darasa la Kurani, mwalimu wetu akatufundisha kwamba majini wapo, wamo wema na wamo wabaya, nao wana makazi yao. Nikajumlisha mbili na mbili. Kumbe sisi tunakaa kwa majini. Nyumba ni yao, sisi wapangaji.

Sikuogopa hata kidogo, maana ushahidi ulikuwa mzuri. Chini ya sakafu kulikuwa na mmoja aliyekohoa na kutema maji nje bila mtu kumgusa. Baadaye sana nilijua ni pampu. Mwingine aligonga ukuta jua linapotoka, chuma kikipata joto. Hawakutudhuru, hawakutufukuza. Nikawa kila asubuhi nikivaa soksi nawaambia shikamooni, taratibu, ili Mama asisikie.

Nilipokuwa na miaka saba Mama akapata mimba ya mdogo wangu, na Bibi akaja kumlea mzazi, kama inavyotakiwa. Alifika mwanzo wa baridi, amevaa koti juu ya buibui na soksi mbili mbili. Anti Wambui, mwenzake Mama katika kazi ya kutunza wazee, mama wa Kikenya aliyekaa Annandale, alituchukua uwanja wa ndege kwa gari lake. Tulipofika gatini nikaona Bibi anasitasita kuinua mguu, nikaona ni wajibu wangu kumtuliza.

"Bibi, don't be scared," nilimwambia. "Majini wa hapa wazuri. Yule wa chini anatapika maji tu."

Mguu wa Bibi ulibaki hewani. "Nani wa chini?"

"Jini."

Akaurudisha mguu gatini. Mama alicheka mpaka akashika tumbo, akamweleza kwamba mtoto amechanganya maji na majini. Bibi naye akacheka, lakini nilimwona midomo ikienda, akasoma kila alichokuwa nacho kifuani kabla ya kuingia.

Ndani akatazama. Boti yetu ilikuwa na upana wa mtu mzima akinyoosha mikono. Baba aligusa kuta zote mbili. Vyumba vilifuatana kimoja nyuma ya kingine: mbele kabisa jiko la kuni na benchi lililovutwa likawa kitanda, halafu mahali pa kupikia, choo, kijichumba changu, na mwisho chumba cha wazazi karibu na injini. Mlango wa kutokea gatini ulikuwa mbele. Mama akamwonyesha Bibi lile benchi, mahali pa heshima, penye joto. Likivutwa, miguu ya anayelala ilifunga njia yote.

"Na Baba Siwema anapita wapi akienda kazini?" Bibi akauliza.

"Hapahapa, Mama. Njia ndiyo hii moja."

Bibi akakaa na mkoba wake mapajani kama mtu anayesubiri basi. "Mimi sitaweza kukaa hapa, mwanangu," alisema polepole. Hakusema kwa nini. Mimi nilijua kwa nini. Nilikuwa nimemtisha kwa majini yangu.

Kesho yake Anti Wambui alikuja, na nikamsikia akiongea na Mama kwenye chumba cha mashine za kufulia, pale gatini.

"Kwani anaogopa nini? Hiyo maji?"

"Si maji."

"Ama ni hizo majini za Siwema?"

"Wala. Ni mkwe. Hawezi kulala mahali mkwe anampita miguuni. Na akiamka usiku, na kanga yake moja, wakutane mlangoni pa choo? Kwetu hilo haliwezekani. Na huyu mwanamume naye ndiyo kabisa, kwao Singida mkwe hata usoni hatazamwi."

"Aki nyinyi! Sasa skiza, basement yangu iko empty. Jumamosi nakuja na gari, mkuje wewe, Siwema na shosho. Baba yao abaki achunge boti. Mtoto azaliwe, shosho arudi home, then mtarudi."

"Hiyo ni miezi sita, Wambui."

"Ni afadhali gani? Utazaa bila mama yako?"

Jioni ile begi kubwa likatolewa chini ya kitanda chao, nguo zangu za shule zikaanza kuingia humo. Baba aliliona. Alisimama akaliangalia, kisha akaenda kukagua mafuta ya injini ambayo alikuwa ameyakagua asubuhi.

Mimi nilikuwa nimepata jina. Mkwe. Nilikuwa sijalisikia popote, maana katika familia yetu ya watu watatu hakuna aliyemwita mtu mkwe. Basi lile jini lililomtisha Bibi, lililotaka kututenganisha na Baba, linaitwa Mkwe, na desturi yake ni kupita miguuni kwa watu usiku. Hata leo nikiandika neno hili nywele zinataka kunisimama.

Bibi alikubali kukaa hadi Jumamosi, kwa kuwa hakukuwa na namna. Na siku hiyohiyo Baba akaacha kupita ndani. Boti zile zina ukingo mwembamba kwa nje, upana wa kiganja, na fimbo ya kushikia juu ya paa. Baba alitoka mlango wa nyuma karibu na injini, akatembea juu ya ukingo ule kwa ubavu, kama kaa, tumbo limegusa ukuta, mpaka mbele, akaruka gatini. Jioni akarudi vilevile. Mvua ikinyesha, alipita vilevile. Kuoga na choo alikwenda kwenye bafu la gatini.

"Baba, why are you walking outside?" nilimuuliza.

"Kwa sababu ya mkwe."

Nikatazama huku na huku. "Yuko wapi?"

"Yupo ndani," akasema, akaelekeza kidevu mbele, alipokuwa Bibi.

Nilikimbia. Bibi alikuwa ameketi kando ya jiko anachambua mchele, hana habari. Nikajibana ubavuni kwake. "Bibi," nikanong'ona, "mkwe yuko humu ndani?"

Akashangaa, halafu akatabasamu. "La, mama. Mkwe yuko nje." Na kweli wakati ule nje ya kidirisha, usawa wa macho yetu, viatu viwili vyeusi vikapita polepole, kimoja baada ya kingine. Nilivijua ni vya Baba. Nikaelewa kwamba Baba anamzunguka huyo Mkwe, anamtafuta, anamkinga asiingie. Hajui kama huyo Mkwe yuko ndani au nje, lakini hachoki. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Baba wiki ile.

Usiku nikahamia kulala na Bibi, nimlinde. Na mchana nikawa posta. Bibi na Baba hawakusemezana ila kupitia kwangu, na boti yenyewe ukipiga chafya mbele unaambiwa afya nyuma.

"Siwema, mwambie Bibi shikamoo yake."

"Bibi, Baba anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Mwulize amekula?"

"Baba, umekula?"

"Mwambie bado, lakini nashukuru."

Bibi alipakua sahani ya kwanza, yenye kipande cha samaki kikubwa, akanipa niipeleke nyuma. Sahani ikarudi imefunikwa kwa kitambaa, imeoshwa. Siku ya tatu Bibi aliishika ile sahani safi akaitazama muda mrefu. "Mtu huyu ana adabu," aliniambia, kama vile mimi ndiye niliyeolewa naye.

Ijumaa mvua ya barafu ilianza mchana. Wenyeji wa huku wanaijua: inashuka maji, ikigusa kitu inakuwa kioo. Basi la shule lilitushusha mapema, na gati lilikuwa limemwagiwa chumvi, nikatembea nimeshika kamba. Ndani kulikuwa na joto. Mama alikuwa amelala nyuma, miguu imemvimba. Bibi alikuwa kitandani pake, yaani benchini, ameniachia nafasi, na kwenye korido begi lilikuwa limefungwa zipu tayari kwa kesho.

Tukasikia boti ikiegemea upande. Baba amerudi. Tukasikia mkono kwenye fimbo ya paa, na kiatu cha kwanza kikapita kidirishani. Cha pili hakikupita. Kulikuwa na mkwaruzo mrefu, boti ikainama, vikombe vikagongana kwenye ndoano zake, na maji yakapiga ukuta.

Pale ubavuni palikuwa na mlango mdogo wa kuingizia kuni. Bibi aliufungua kabla sijajua ameinuka. Baba alikuwa ananing'inia kwa mkono mmoja, maji yamemfika kifuani, mkono mwingine unatafuta pa kushika na kila pahali ni barafu. Hakupiga kelele. Nadhani hata pale alikuwa anaona haya.

Bibi akajitupa kifudifudi, akatoa mikono yote miwili nje, akamkamata mkono juu ya kiwiko. Kanga ikamtoka kichwani. "Siwema, nishike!" Nikamkumbatia kiuno. Mama akaja anapiga mayowe, akashika koti la Baba. Sijui tulivuta namna gani. Baba akapata goti juu ya ukingo, akajivuta, akatambaa hadi mbele, na tukamsikia amesimama nje ya mlango, meno yanagongana.

"Hodi," alisema.

Mama akaanza kulia. Bibi hakuwa na kitu kichwani, nywele zake nyeupe nilikuwa sijaziona, na alisahau kujifunika. "Ingia!" alisema, kwa mara ya kwanza bila kunituma mimi.

"Hapana, Mama. Nitazunguka."

"Utazunguka wapi? Maji yale yakikuchukua, mkwe wangu, nitamheshimu nani?"

Nikamtazama Bibi, nikautazama mlango. Mkwe alikuwa Baba. Ukafunguliwa, akaingia Mkwe mwenyewe, anavuja maji, macho yake sakafuni, ameshika viatu mkononi ili asichafue. Mbele yake njia ilikuwa imefungwa na kile kitanda. Bibi akapanda juu yake, akaketi, akaikunja miguu yake miwili hadi chini ya kidevu, akaishika kwa mikono. Ikabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Pita, mwanangu," alisema.

Baba akapita. Alipofika jikoni akageuka kidogo, si uso wote, akasema, "Ahsante, Mama." Halafu Mama akamshika mkono akaenda kumvua zile nguo.

Siku hizo nilijua tu kwamba Mkwe ni Baba; kwa nini Baba naye alisema mkwe yuko ndani, sikuelewa. Mama ndiye aliyenieleza, miaka mingi baadaye, siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nampokea mkwe wangu kutoka Mombasa na kulalamika kwamba nyumba ni ndogo. Alinieleza kuwa mkwe ni wa pande zote mbili, Bibi ni mkwe wa Baba na Baba ni mkwe wa Bibi, kwa hiyo kila mmoja aliponielekeza kwa mwenzake alisema kweli. Alinieleza pia kwamba kwa mwanamke wa umri wa Bibi, aliyelelewa vile alivyolelewa, kuonekana kichwa wazi na mkwe na kumwita apite kitandani kwake si jambo la kukunja miguu tu. Aliacha kitu alichokishika maisha yake yote, ili mtoto azaliwe baba yake yupo.

Jumamosi Anti Wambui alikuja na gari tupu. Begi lilikuwa limerudi chini ya kitanda. Akamkuta Bibi anakunywa chai benchini, Baba nyuma amejifunika blanketi mbili.

"Shosho, twende? Si ulisema hauwezi lala hapa, mkwe akipita?"

"Miguu ni yangu," Bibi akamjibu. "Nimeikunja."

Mdogo wangu alizaliwa mwezi uliofuata, na Baba akawa pale. Bibi alikaa nasi hadi maji yalipopata joto. Kila alfajiri nilisikia hodi ya Baba, nikasikia benchi likilia, na nikajua Bibi anakaa, anakunja miguu, ili Baba aende kazini kwa mlango kama watu wengine. Nimefanyiwa mema mengi na watu wengi, na nawashukuru. Lakini lililonipa nyumba yenye baba ndani yake lilifanywa na mwanamke mmoja, ameketi, asubuhi baada ya asubuhi.